Mchoro Kabla ya Sindano

Mtu apelekaye nembo ya chama chake, au ya shule, au ya timu ya mpira, kwa mwenye mashine ya kudarizi ili atengenezewe beji za kushonwa begani au kifuani, aghalabu huipeleka akiwa na yakini kwamba kazi ya kuchora imekwisha na iliyosalia ni ya mashine tu; naye hushangaa, na mara nyingine hughadhibika, aambiwapo kwamba mchoro ule ule uliopendeza juu ya karatasi ya barua na juu ya bango la langoni haushoneki. Katika kuambiwa hivyo mchoraji wake hakudharauliwa, wala fundi hakufanya uvivu. Wino ni majimaji, nao hutulia popote utiwapo, ama katika mstari usioonekana ila kwa kukaza macho, ama katika uwanja mpana usio na mpaka. Uzi, kinyume chake, ni kitu chenye unene, chenye kuvuta, chenye mng'aro, kinachotoboa kitambaa kila kiingiapo na kila kitokapo, na kitu cha namna hiyo hakikosi masharti. Rai yangu katika jambo hili ni moja, na yote yatakayosemwa katika sura hii yanaifuata: kila mchoro uingiao katika uzi hupoteza kitu, na maadam hasara hiyo haiepukiki, ni heri mwenye nembo achague mwenyewe kitakachoachwa kuliko kuiachia sindano imchagulie.

Baina ya mchoraji na sindano, tangu zilipoanza mashine za kudarizi, amesimama mtu wa tatu ambaye habari zake hazitajwi sana. Josué Heilmann wa Mulhouse aliunda mashine ya kudarizi ya kuendeshwa kwa mkono mwaka 1828, na mwaka 1863 Isaak Gröbli, Mswisi, akabuni ile iitwayo Schiffli, na kwa mashine hizo mji wa St. Gallen na viunga vyake ukajaa kazi na fahari. Lakini katika mji huo wenye wachoraji hodari, mchoro wa msanii haukupelekwa mashineni vile ulivyo. Kwanza ulikuzwa mara 6 juu ya karatasi kubwa, na mkuzaji, ambaye hakuwa msanii wala mshonaji bali alisimama kati ya hao wawili, akatia alama za mishono, kila mmoja uanzie wapi na uishie wapi. Kisha mwendesha mashine akazifuata alama hizo moja baada ya moja kwa ncha ya pantografu, chombo cha mikono ya chuma kinachougeuza mwendo mkubwa wa mkono kuwa mwendo mdogo wa kitambaa, na safu nzima za sindano zikashona umbo moja kwa pamoja. Hapa petu pwani ustadi huu si mgeni, kwa kuwa mshona kofia wa Lamu au wa Unguja haanzi kushona mpaka nakshi imekwisha kuchorwa juu ya kitambaa, na mchoraji wa nakshi ile ajua ni tundu gani litakalokaa wazi na lipi litakalozibana na jirani yake.

Mkuzaji yule hakutoweka. Amehamia mbele ya kompyuta. Tangu miaka ya 1980, programu za kazi hii zilipoanza kuenea viwandani, miongoni mwao zile za Wilcom ya Australia, mtu huyo huchukua nembo aliyoletewa, akaiweka kwenye kioo, na juu yake akapanga mishono kwa mkono wake, akiamua kila sehemu ishonwe kwa namna gani, ielekee wapi na ifuate nyuma ya ipi. Kazi yake ikikamilika hutoka faili, na faili hiyo mara nyingi ni ya aina iitwayo DST, iliyotokana na mashine za Tajima za Japani. Yafaa msomaji aelewe kilichomo ndani yake, maana hapo ndipo fumbo lote linapofumbuka: hamna picha. Zimo amri za kusogea tu, zinazopimwa kwa sehemu ya 10 ya milimita, wala hakuna mwendo mmoja unaozidi milimita 12.1, rangi nazo hazimo, ila mahali pa kusimama ili uzi ubadilishwe. Mashine haijui kwamba inashona simba au mnazi. Yajua kwenda kulia, kwenda juu, kuchoma, kusimama. Kila kitu ambacho mchoro ulikusudia kukisema lazima kiwe kimegeuzwa kuwa mwendo wa sindano kabla umeme haujawashwa.

Mfano niupendao kuliko yote wa kuchagua cha kuacha ni nembo ya Apollo 11 ya mwaka 1969, na sababu ya kuupenda ni kwamba aliyeichora, Michael Collins, yule mwanaanga aliyebaki akiuzunguka mwezi wakati Neil Armstrong na Buzz Aldrin walipoteremka, ameieleza mwenyewe habari yake. Desturi ya beji za safari ilikuwa bado changa. Ya kwanza kuvaliwa na wasafiri ilikuwa ya Gemini 5, mwezi wa Agosti 1965, Gordon Cooper na Pete Conrad walipobuni picha ya gari la turubai la wahamiaji wa Marekani ya kale, na juu yake maneno ya kujigamba kwamba watakaa siku 8 angani la sivyo wameshindwa. Wakubwa wa NASA wakayachelea maneno hayo, wasije wakachekwa safari ikikatika njiani, ikaamriwa yafunikwe kwa kipande cha kitambaa mpaka siku zitimie. Siku 8 zilitimia, kasoro saa moja hivi.

Collins, basi, alilaza karatasi nyepesi ya kunakilia juu ya picha ya tai katika kitabu cha ndege kilichotolewa na National Geographic, akafuatisha mistari yake, akamwekea chini uso wa mwezi wenye mashimo, na kwa mbali akaitia dunia. Na kwa shauri la mwenzao mmoja ndege yule akapewa tawi la mzeituni mdomoni, dalili ya amani. Kisha yakaanza mapunguzo. Majina ya wasafiri watatu, ambayo kwa desturi yaliandikwa pembezoni, yaliachwa, kwa kuwa walitaka beji iwe ya kila mtu aliyeifanyia kazi safari ile. Namba ya safari, iliyokuwa imeandikwa kwa herufi katika Kiingereza, ilionekana haitasomeka kwa wageni, ikageuzwa kuwa tarakimu, na tarakimu mbili zikachukua nafasi ya herufi 6. Walipoipeleka kwa wakubwa, Bob Gilruth, aliyekuwa mkuu wa kituo chao huko Houston, akaona makucha ya tai yaliyokunjuka, matupu, yana sura ya vita. Dawa ilikuwa nyepesi, tawi likatolewa mdomoni likatiwa makuchani. Hapo pana ustadi wa kutazamwa kwa makini: hakuna kilichoongezwa, na kitu kile kile kimoja, kwa kuhamishwa tu, kikaondoa ukali wa makucha na kikabaki na maana yake ya amani. Kosa moja lilipita machoni pa wote, nalo ni kivuli cha dunia, kilichotiwa upande wa kushoto ilhali kwa mtazamaji aliyeko mwezini kilitakiwa kiwe chini.

La ajabu ni kwamba beji walizozivaa katika safari yenyewe hazikuwa za uzi. Baada ya moto wa Januari 1967 uliowaua watu 3 wa Apollo 1 wakiwa bado ardhini katika majaribio, kila kilichoingia chomboni kilipaswa kisishike moto kwa urahisi, na nembo ikachapwa kwa wino juu ya kitambaa cha nyuzi za kioo kiitwacho Beta. Zile zilizodariziwa zilivaliwa na kununuliwa ardhini, nazo zilitoka katika viwanda mbalimbali wala hazifanani. Ukiiweka moja ya uzi kando ya ile ya wino, utaona jinsi manyoya ya bawa, ambayo mchoro uliyahesabu karibu moja moja, yalivyokusanywa katika uzi kuwa mafungu machache mapana, na mashimo ya mwezi kuwa mapindo ya vivuli viwili vitatu. Na bado kila mtu amjua tai yule, kwa sababu vitu vinne vyenyewe, ndege na tawi na mwezi na dunia, vilikuwa vikubwa vya kutosha kustahimili upungufu.

Tuondoke Houston tuje kwenye beji iliyo karibu zaidi na macho yetu, nayo ni ya shule. Tuseme ni duara la upana wa milimita 75. Katikati pana ngao, ndani ya ngao pana kitabu kilichofunuliwa, juu ya kitabu mwenge, nyuma ya mwenge mlima, nyuma ya mlima jua linalochomoza na miale yake. Jina la shule limezunguka juu, na chini pana utepe uliokunjwa ncha, na ndani ya utepe wito wa shule, maneno matano au sita. Kwenye karatasi utepe ule una herufi za kimo cha milimita 3, nazo zasomeka vizuri.

Sasa ichukue herufi moja tu, e ndogo, uipime. Kutoka juu hadi chini ina mistari mitatu iliyolala na nafasi mbili baina yake, jumla tabaka 5. Gawa milimita 3 kwa 5 upate 0.6 kwa kila tabaka. Uzi wa namba 40, ambao ndio wa kawaida wa mashine hizi, una upana wa takriban milimita 0.4, na sindano yake iliyozoeleka, ile ya namba 75, ina unene wa milimita 0.75. Kwa maneno mengine, tundu lenyewe la sindano ni pana kuliko nafasi iliyotakiwa ibaki wazi ndani ya herufi. Fundi akiishona kwa nguvu, e itaziba iwe doa, na a nayo itaziba, na o itakuwa tone, na wito wa shule utakuwa mstari wa vidoa vya dhahabu. Mshono unaohitaji kuonekana kama mstari hautaki kupungua milimita 1. Zidisha kwa tabaka 5, utapata milimita 5, na hicho ndicho kimo cha chini ambacho mafundi wengi hukitaja kwa herufi, bila kueleza kilikotoka. Kwa herufi kubwa tupu, zisizo na vijimkia, na kwa uzi mwembamba wa namba 60, huweza kuteremshwa hadi karibu milimita 4. Chini ya hapo ni kubahatisha.

Sijui ni nani aliyezifundisha shule zetu kwamba wito usipoandikwa kifuani hausikiki darasani. Makhalifa wa Bani Abbas na wa Fatimia, waliowavika watu mavazi ya heshima yenye majina yao kwa maandishi ya tiraz, waliyapa maandishi ukanda wake peke yake juu ya mkono wa vazi, wala hawakuyabana chini ya mwenge na mlima. Mwenye kuitaka beji ya milimita 75 isomeke ana ikhtiari tatu: aukuze upana mpaka herufi zifikie kimo cha milimita 5, au afupishe wito, au auache uishi kwenye bango la langoni ambako una wasaa. Mimi kila nionapo ngao na jina la shule tu, bighairi ya utepe, naona beji iliyotulia.

Jua na mlima vina mashaka ya namna nyingine. Kila mshono, unapokazwa, huvuta kitambaa kwa upande unakoelekea, na maelfu ya mishono ikivuta kwa pamoja umbo hupungua upande huo na kutanuka upande wa pili. Duara la jua lililoshonwa kwa mishono iliyolala litatoka jembamba likasimama mithili ya yai, hata kama katika faili ni duara halisi. Kwa hiyo mpanga mishono hulichora jua lake kosa kwa makusudi, akalipanua kwa sehemu za milimita, 0.2 hadi 0.4 kwa kawaida, upande wa kuvutwa, ili mvuto ulirudishe kwenye duara. Mwenye nembo hahitaji kuifanya hesabu hiyo, ila ajue matokeo yake: mahali popote panapokutana rangi mbili, na hasa pale mstari mweusi mwembamba unapozunguka umbo, hapana hakika ya kukutana barabara, na kitambaa huchungulia katikati. Mstari wa nusu milimita unaolizunguka jua kwenye karatasi, aunenepeshe uwe milimita 1.5, upate kulipanda jua na kuufunika mpaka. Au aufute, kwa maana rangi ya jua na rangi ya mbingu zinatengana zenyewe bila kuzungushiwa wigo.

Mishono yenyewe ni ya namna tatu kwa jumla. Upo wa mstari, wa kwenda mbele tu, kwa vitu vyembamba sana; upo wa satini, unaokwenda na kurudi ukingo hadi ukingo ukalala laini na kung'aa, ambao ndio uzuri wa herufi na wa mipaka, na ambao hupendeza baina ya milimita 1 na takriban 7, kwani ukizidi hapo nyuzi ndefu huning'inia na kunaswa na kila kitu; na upo wa kujaza, wa safu fupi fupi zilizopishana, kwa viwanja vipana. Chini ya yote hupita mishono ya msingi isiyoonekana, ya kukishikisha kitambaa na kuuinua uzi wa juu. Mpango ni huo, na sina haja ya kuurefusha.

Ninalotaka kulikalia kidogo ni mng'aro, maana hapo uzi unarudisha sehemu ya kile ulichokinyima. Mchoraji wa karatasi akitaka kuutenga mteremko wa mlima unaopigwa na jua na ule wa kivulini hana budi kutumia rangi mbili. Mpanga mishono huweza kutumia uzi mmoja, wa rangi moja, akaulaza mteremko wa kushoto upande huu na wa kulia upande ule; mwanga ukipiga, mmoja hung'aa na mwingine hufifia, na mvaaji akigeuka vinabadilishana. Kurasa za kitabu kilichofunuliwa hupata uhai kwa njia hiyo hiyo. Mwenye nembo aliyekwisha kulijua jambo hili ataleta mchoro wa rangi chache, na pembeni ataandika wapi mwanga utokee, badala ya kuleta mchoro wenye rangi inayofifia polepole kutoka nyekundu hadi njano, kitu ambacho wino hukifanya bila taabu na uzi hukiiga kwa tabu na kwa gharama. Mashine nyingi za viwandani hubeba sindano 15 kwa kila kichwa, nyingine 12. Lakini beji nzuri nilizowahi kuziona hazikuhitaji hata nusu ya hizo. Rangi zitajwe kwa namba, ama za Pantone, mfumo ulioanza mwaka 1963 kwa ajili ya wapiga chapa, na fundi atatafuta uzi ulio karibu, ama, lililo bora zaidi, zichaguliwe moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya nyuzi zenyewe, mchana, karibu na dirisha. Kioo cha simu ni shahidi mbaya wa rangi. Na samawati iliyokoza kando ya nyeusi, ijapokuwa zatofautiana kabisa kwenye karatasi, kwa hatua tatu huwa giza moja.

Bendera za nchi zetu ni darasa la bure katika haya. Ya Tanzania ni rafiki wa sindano: rangi nne, mipaka iliyonyooka, hakuna mnyama wala herufi. Ya Kenya ina milia mitatu mipana, mweusi, mwekundu na wa kijani, iliyotengwa kwa milia miwili myembamba myeupe, kwa uwiano wa 6, 1, 6, 1, 6, yaani sehemu 20. Katika beji ya begani yenye kimo cha milimita 40 kila sehemu hupata milimita 2, na mlia mweupe unakaa vizuri kabisa. Ipunguze hadi milimita 15 kwa ajili ya ukosi wa shati, na mlia huo huo hubaki na milimita 0.75, sawasawa na unene wa sindano. Ama ile ngao na mikuki miwili ya katikati, kwa kipimo hicho haina ila kuwa alama ya ngao tu. Ya Uganda ndiyo yenye mtihani mkubwa, kwa sababu ya yule korongo mwenye taji aliyesimama kwa mguu mmoja ndani ya duara dogo jeupe: shingo yake, ushungi wake na miguu yake ni vitu ambavyo katika beji ya kawaida havipati zaidi ya upana wa uzi mmoja au mbili, na fundi hodari hujulikana kwa namna anavyoutengeneza ule mguu.

Kisha kuna ukingo, ambao wachoraji huusahau kwa kuwa si sehemu ya nembo, na ambao hula nembo wasipoukumbuka. Beji za duara, za ngao na za mstatili wenye pembe zilizoviringwa humaliziwa kwa pindo nene la uzi liitwalo Merrow, kwa jina la kampuni ya Marekani iliyotengeneza mashine zake. Ni jamaa wa ovaloki ya mafundi cherehani wetu, ila ni nene zaidi, na mwendeshaji huizungusha beji kwa mkono chini ya sindano mpaka mwanzo ukutane na mwisho, na mkia wa uzi unaobaki hurudishwa nyuma ukabandikwa. Pindo hilo huchukua milimita 3 hadi 4 kuzunguka kote. Jina la shule lililochorwa hadi ukingoni litakatwa vichwa. Basi na liachwe pembezo tupu ambalo halina neno wala picha. Na kwa kuwa mkono hauwezi kuizungusha beji kwenye kona kali iingiayo ndani, nyota, mbawa zilizokunjuka, au ramani ya Afrika, haziwezi kupata Merrow: hizo hutiwa mpaka wa satini mashineni kisha hukatwa kwa kisu cha moto au kwa leza, ambayo huyeyusha kingo za nyuzi ili zisichanike.

Kiwanja kilicho nyuma ya nembo nacho kina uamuzi wake. Beji hushonwa juu ya kitambaa imara cha mshazari, cha jamii ya marudufu au khaki, nacho kipo katika rangi nyingi. Ukikiacha kionekane, kazi huwa nyepesi na beji hukunjika vizuri begani. Ukitaka kukifunika chote kwa uzi, fikiri kwanza: duara la milimita 75 lina eneo la sentimita za mraba 44, na safu za mishono zikiachana kwa milimita 0.4, kama ilivyo ada, zitahitaji takriban mita 11 za uzi kulijaza, bila kuhesabu mishono ya msingi wala picha itakayoshonwa juu yake. Kwa beji 200 hizo ni zaidi ya kilomita 2 za uzi ambazo hazisemi lolote ila kwamba nyuma ni buluu, nacho kitambaa cha buluu kingalisema vivyo hivyo.

Kuhusu namna ya kuupeleka mchoro, mambo ni machache na yote yanajulikana, ila hayafuatwi. Mchoro bora ni wa vekta, yaani ule ulioundwa kwa mistari na nukta za hesabu, unaoweza kukuzwa bila kuchakaa. Faili za SVG, za EPS na za PDF nyingi ni za aina hiyo. Kilichozoeleka kwetu ni mtu kupiga picha bango la shule kwa simu, kwa pembe, jua likimulika, kisha kuituma kwa WhatsApp, ambayo nayo huibana ili ipite haraka. Ikifika kwa fundi kingo zimekuwa ukungu, na mpanga mishono hana budi kukisia kama kile ni kitabu au ni ndege. Kama hapana budi kuitumia njia hiyo, faili itumwe kama hati, si kama picha, maana hati haibanwi. Na pamoja nayo yaandikwe upana na kimo kwa milimita, rangi kwa namba, na beji itakaa wapi: kofiani, begani au mfukoni, na itashikizwa kwa nini, kwa cherehani, kwa gundi ya kuyeyushwa na pasi, au kwa velkro.

Kabla ya kutuma, uchapishe mchoro kwa kipimo chake halisi, si kwa ukubwa wa kioo cha kompyuta, uubandike kwenye shati la mtu, umsimamishe hatua tatu mbali. Usichokiona hapo, kitoe. Nimewaona watu wazima, wenye vyeo, wakitetea mwale mmoja wa jua kwa muda wa nusu saa kwenye kioo kilichokuzwa mara 5, nao walipoonyeshwa karatasi ya kipimo halisi hawakuweza kuonyesha mwale wenyewe uko wapi. Na fundi atakayekuambia kwamba programu yake hugeuza picha yoyote kuwa mishono kwa kubonyeza kitufe kimoja, msikilize kwa adabu kisha umwombe sampuli: programu huziona rangi, lakini haijui kwamba mwenge uko mbele ya mlima, wala kwamba jua halina budi kushonwa kabla yake, wala haithubutu kuacha kitu, na kuacha, kama tulivyoona kwa Collins na wenzake, ndiyo nusu ya kazi.

Sampuli yenyewe ishonwe kwa nyuzi zile zile na juu ya kitambaa kile kile cha kazi kamili, si juu ya kipande chochote kilichookotwa sakafuni. Ikija, isome kwanza herufi, kisha tazama mipaka ya rangi kama kitambaa kinachungulia, kisha iinamishe huku na huku chini ya mwanga uone kama mlima umegawanyika. Igeuze nyuma kabla haijatiwa gundi: katika mishono ya satini uzi mweupe wa bobini huonekana katikati, umeshika kama theluthi moja ya upana, na uzi wa juu umeingia pande zote mbili. Ukiuona mweupe huo umetokeza mbele, usiulaumu mchoro, ni mkazo wa uzi, na fundi ataurekebisha kwa kuzungusha parafujo. Ukiuona mpaka umeachana, hapo ni faili, irudi kwa mpanga mishono. Ukiona neno halisomeki, hapo ni mchoro, na huo unarudi kwako. Ikikubalika, sampuli mbili zitiwe tarehe na saini, moja ikae kwa fundi na ya pili kwa mwenye nembo, pamoja na faili yenyewe ya mishono na orodha ya namba za nyuzi na jina la mtengenezaji wake, kwa kuwa mwakani watakuja wanafunzi wapya nao watahitaji beji, na pengine fundi wa leo atakuwa amekwisha kuhama mji.